Samovari ya Kapitolina Kwenye Runinga

Benchi letu liko mbele ya geti la Kapitolina, hapa kijijini Kochki, na kila mchana tunakaa tukimenya mbegu za alizeti na kunywa chai yake. Tangu tamthilia ya akina Gorelov ianze, hatuna mazungumzo mengine. Ni wakulima wa enzi za babu zetu. Kosa lao ni kuwa na ng'ombe wawili, basi wameitwa matajiri na kunyang'anywa shamba. Jumapili walipakiwa kwenye mkokoteni kupelekwa Siberia, majirani wakaingia kubeba vyombo. Vyombo vyenyewe vya kuigizia ni vya kijiji chetu. Wapiga picha wa tamthilia walikuja kuviazima, hata samovari ya Kapitolina, birika lake kubwa la kuchemshia maji ya chai, na vichwa vimetuvimba.

— Samovari yangu mliiona? — Kapitolina akaanza hata kabla ya kumimina. — Ilijaa kioo kizima!

— Iliigiza kuliko mwenye nyumba, Kapa, — akasema Antena, ambaye hakosi kipindi. — Sasa niambieni, nani aliwachongea hawa watu?

— Padri, — akajibu Brigedia, msimamizi wa zamani wa matrekta.

— Padri naye kahamishwa, we vipi?

— Kajihamisha! Janja yake.

— Acha ushamba, — Kapitolina akadakia. — Ni mkamwana. Nani analia vile nywele zisivurugike?

— Mimi nasema ni Gorelov mwenyewe, — Antena akasema. — Alitaka kumkimbia mama mkwe.

— Si wamepakiwa mkokoteni mmoja?

— Ndiyo maana katoa macho vile!

Tulicheka mpaka mbegu zikatupalia.

— Mimi walionikera ni majirani, — Kapitolina akasema kwa uchungu wa kweli. — Watu mmekula nao Pasaka, leo mnagombania sufuria zao! Ningekuwepo ningewatemea mate.

— Mijizi mitupu! — tukaitikia wote.

Basi la mjini likasimama, akashuka mama mmoja mwenye begi. Akatujia moja kwa moja.

— Shikamooni. Hapa ndipo Kochki?

— Marahaba, mwanangu, — Brigedia akajibu. — Ndipo. Unamtafuta nani?

— Simjui jina. Natoka Tomsk, kule Siberia. Bibi yangu alizaliwa hapa, wakahamishwa akiwa mdogo. Jumapili alipoiona ile samovari kwenye runinga, alilia. Ina shikio moja la mbao nyeupe, anasema baba yake ndiye aliyelichonga. Nikawapigia wenye tamthilia, wakaniambia imeazimwa hapa. Bibi ni mzee sana sasa. Anaomba ainywee chai mara moja tu kabla hajafa.

Antena akaanza kuhangaika na kofia yake. Brigedia akatazama barabarani, ambako hapakuwa na kitu.

— Hiyo ni yangu, — Kapitolina akasema harakaharaka. — Ya urithi. Ilikuwa ya bibi yangu.

Mgeni hakubisha. Akauliza kwa upole tu:

— Na bibi yako aliipata wapi, mama?

Kochki nzima inajua ilibebwa kutoka nyumba gani. Tumekua tukijua, na tumekua tukikatazwa kusema. Kapitolina aliiva uso mpaka masikioni. Mimi niliona haya hata kuangalia viatu vya yule mama, vilivyojaa vumbi la safari.

Tukasogea apate pa kukaa. Akabaki amesimama, akisubiri jibu.