Editha Banzi na Karai la Mama Chausiku

Leo, tarehe 30 Juni 1998, dada yetu Editha Banzi anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Mwembesongo kwa miaka ishirini na minne. Alianza kwa kufagia kinu cha mpunga. Ilipoletwa mashine ya kushindilia pumba ziwe kuni, yeye ndiye aliyekabidhiwa swichi.

Wengi mnamjua kwa ukali wake mashineni na vicheko vyake nje ya geti. Mimi namjua zaidi kwa siku moja ya masika ya mwaka 1994, na kila nikiikumbuka namshukuru Mungu.

Wakati ule viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa. Mnunuzi alikuja asubuhi aione mashine ikifanya kazi. Isipofanya, inauzwa chuma chakavu na sisi tunarudi nyumbani. Bahati mbaya mvua ya milimani ilikuwa imepenya bohari, pumba zote zimelowa. Pumba mbichi zikishindiliwa, mvuke hukwama ndani, kisha hufyatuka mdomoni mwa mashine. Fundi wetu Rashidi ana kovu la mvuke huo mpaka leo.

Meneja akaamuru iwashwe. Editha akafunika swichi kwa kiganja, akakataa. Akaambiwa mbele ya mgeni kwamba asipowasha, kesho asije. Mimi nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua.

Akaenda getini kwa mama lishe wetu, Mama Chausiku, akaazima karai na jiko lake, ambalo lilikuwa linawaka kwa vipande vya kuni zetu, vile vinavyovunjika tunavyogawana jioni. Akaanza kukaanga pumba ili zikauke.

“Dada Editha, chumvi umetia?” Rashidi alimtania.

Tukaazima masufuria kwa majirani, sote tukashika miko.

Saa sita akawasha. Tulijibana ukutani. Mashine ikanguruma, ikasita, halafu ukatoka mti wa kuni mrefu, mzima, unafuka moshi. Mgeni hakuwepo kuuona. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anamuuliza Mama Chausiku moto huu usiozimika tangu asubuhi ni wa kuni gani.

Akanunua. Mashine ikabaki, nasi tukabaki.

Dada Editha, Mama Chausiku tumemnunulia karai jipya. Lile la zamani tumelitundika juu ya swichi yako, ili atakayeishika alitazame kwanza kila masika. Asante, dada. Mwenyezi Mungu akujalie afya, mavuno mema huko kwenu Kinole, na usingizi usio na ngurumo.

Mariamu Rajabu, kwa niaba ya wafanyakazi