Mhandisi Aliyelifunga Daraja Lake Mwenyewe: Wasifu wa Marehemu Mzee Timazi

Mzee wetu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana na mafundi wote kwa jina la Timazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa karani wa posta, na mama yake fundi cherehani. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka tisa alichimba mfereji ili maji ya mvua yasiingie jikoni kwa mama yake. Jikoni pakakauka, lakini maji yakahamia kwa jirani. Mama alimrudisha kwenye jembe siku tatu mfululizo, mpaka maji yakapata njia isiyomdhuru mtu.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari kuanzia 1965. Wengi wenu mtashangaa kusikia kwamba mwaka 1968 alifeli hesabu. Aliomba kurudia darasa, akajikuta dawati moja na dada yake anayemfuata, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Wanafunzi walimcheka. Yeye hakujali, kila alipokwama alimgeukia mdogo wake na kumwambia, "Hapa sielewi, nieleze tena." Mwaka huo alifaulu vizuri kumshinda hata huyo mdogo wake aliyemwelekeza, na dada hajaacha kudai sifa yake mpaka leo. Aliingia chuo kikuu mwaka 1972 na kuhitimu shahada ya uhandisi wa ujenzi mwaka 1976.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo aliajiriwa na idara ya barabara na madaraja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia ujenzi wa stoo, ambako msimamizi wa mafundi alimhakikishia kwamba ukuta umenyooka, kwani ameukagua kwa jicho. Kijana akashusha timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, ukuta ukaonekana umeinama vidole viwili. Ukabomolewa. Msimamizi alinung'unika kwamba mtu huyu hana macho, ana timazi, na jina likamganda.

Mwaka 1978 alichomwa na msumari mguuni akiwa kazini, akapelekwa zahanati kuchomwa sindano. Muuguzi alimwuliza kama anaogopa. Alijibu kwamba mwanamume aliyezoea kupanda majukwaa ya ujenzi haogopi kitu kidogo kama hicho, kisha akaanguka kama gunia kabla sindano haijamgusa. Muuguzi huyo ndiye mjane wake. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wanne: wasichana watatu na mvulana mmoja.

Kwa kuwa mama watoto alikuwa na zamu za alfajiri, baba alijifunza kusuka nywele. Aliwakalisha mabinti jikoni kwenye stuli, akapasua njia za kichwa kwa kitana, zimenyooka kama barabara mpya. Mwalimu mmoja aliwahi kuwauliza mabinti saluni yao iko wapi. Waliposema ni baba, waliambiwa waache utani.

Daraja la mtoni, analokumbukwa kwalo, alilichora mwenyewe na kusimamia ujenzi wake, likafunguliwa mwezi Juni 1988. Lilikuwa fahari yake. Aprili 3, 1997, akiwa mhandisi wa mkoa, alikwenda kulikagua mvua zikiwa zimeanza. Alishuka kwa kamba hadi kwenye nguzo ya kati, akachomeka ufito chini yake, ufito ukazama wote. Mto ulikuwa umeula udongo uliobeba msingi. Alirudi ofisini, akafungua michoro yake, akapiga hesabu upya mara mbili. Kosa lilikuwa lake: msingi ulipaswa kwenda chini mita mbili zaidi.

Mkuu wake alimsihi afunike kombe mwanaharamu apite. Mvua zingeisha, nguzo ingekarabatiwa kimyakimya. Timazi aliomba agizo hilo kwa maandishi. Halikuja. Jioni ile alilifunga daraja kwa mapipa na magogo.

Njia ya kuzunguka ilikuwa kilomita arobaini na moja. Wauza mboga waliozewa na nyanya zao, wanafunzi walikosa shule, na dereva wa basi la asubuhi alimtukana kila siku, tusi jipya kila siku. Wengine walivuta mapipa pembeni ili wapite, ndipo akaamua kuhamia pale na kiti chake, akipokezana na askari mmoja. Zahanati ya mkewe ilikuwa ng'ambo ya pili. Siku ya nne mama alifika kwenye mapipa na sare yake ya kazi, amechoka kuzunguka.

"Baba watoto, hata mimi?"

"Hasa wewe," alimjibu.

Mama alimkabidhi chakula, akageuka, akaenda kupanda gari la kuzunguka. Anasema siku ile alikasirika kweli, na hajawahi kudai vinginevyo.

Tarehe 15 Aprili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nguzo ya kati ilizama na daraja likaenda na maji. Hapakuwa na mtu juu yake. Huo ndio ulikuwa wakati wa basi la asubuhi kuvuka, na siku hiyo lilikuwa na abiria thelathini na wanane. Dereva wake alikuja mchana, akavua kofia, akasimama mbele ya kile kiti. Timazi alimsogezea chai.

Tume ilipoundwa, wenzake walimshauri amtupie lawama mchoraji aliyemsaidia, ambaye alikuwa ameshafariki. Aliiambia tume maneno matatu: "Hesabu ni yangu." Alivuliwa cheo, akahamishiwa chumba cha kuhifadhi michoro, mahali watu walipopelekwa kusahauliwa. Alikaa humo miaka minne. Alipitia michoro ya kila daraja la mkoa, akagundua mengine matatu yenye kasoro ya aina ileile. Yote yaliimarishwa na yanatumika mpaka leo. Mwaka 2001 alirudishiwa cheo chake, na alistaafu tarehe 14 Machi 2011.

Septemba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, mwezi Mei mwaka huu wa 2023, daktari alizungukazunguka akitafuta maneno. Mzee alimrahisishia: "Niambie tu, daktari. Mimi habari mbaya nimewapa watu wamesimama juani. Mimi angalau nimelala." Alipoambiwa, alishukuru, akaomba arudi nyumbani. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni, saa tisa na robo alasiri, chumbani kwake, mkewe akiwa ameshika kifundo cha mkono wake akihesabu mapigo, kama alivyozoea kazini, mpaka hapakuwa na la kuhesabu.

Tulipokaa kuandika wasifu huu tulimwuliza mama angependa tuongeze nini. Alifikiri kidogo, akasema: "Andikeni kwamba alikuwa anaweza kusema 'nimekosea' na chakula kikaendelea kuliwa mezani. Wengi hawawezi."

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba, dada wawili na kaka mmoja.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, ampe pumziko lenye amani.