Vidonge vya Kopo la Vifungo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya banda la kinyozi, na pembeni yake muuza kahawa na birika lake. Asubuhi hiyo walikaa watatu: Redio, fundi wa redio aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kusema, Kobe, kinyozi anayenyoa kichwa kimoja mpaka mteja anasinzia, na Cherehani, fundi nguo. Nafasi ya Bawaba, fundi wa milango, ilikuwa wazi. Utaratibu wa benchi ni mmoja: mwenye kitu anagawa. Wameshagawana sigara, miwani ya kusomea, hata dawa ya jino. Jana jioni Bawaba alilalamika kwamba hapati usingizi. Cherehani, ambaye daktari alimwandikia vidonge vya usingizi, akamfungia viwili katika kipande cha bitana ya bluu. Sasa mguu wa kulia wa Cherehani ulikuwa unakanyaga chini bila kutulia, kama vile kuna pedali.

— Bawaba leo kapotelea wapi? — Kobe aliuliza.

— Kalala, — Redio alisema. — Si jana kapewa mzigo na huyu? Mwacheni afidie.

— Hajawahi kuchelewa, — Cherehani alisema.

— Ndiyo uzuri wa dawa, bwana!

— Shemeji yangu alimeza kimoja, — Kobe alisema, — akatoka kufyeka nyasi za jirani, kumbe amelala. Asubuhi anauliza nani kafyeka.

— Muongo wewe.

— Haki ya nani! Tena alifyeka vizuri kuliko akiwa macho.

— Basi alimeza amesimama, — Redio alisema. — Ukimeza umesimama, usingizi unashukia miguuni, miguu inaondoka na wewe. Unatakiwa ulale kwanza, ndiyo umeze.

— Mtu kalala anamezaje?

— Hapo ndipo penye utaalamu.

— Mimi najua kahawa vikombe viwili inafuta kidonge kimoja.

— Hujui kitu, Kobe. Ule usingizi hautengenezwi, unakamuliwa. Kuna watu huko wanalipwa mshahara walale, usingizi wao unatiwa kwenye vidonge. Ndiyo maana unaota shangazi za watu usiowajua.

Muuza kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini. Cherehani hakucheka. Alikuwa anamsikia mfamasia, dada mmoja mwenye sauti ya chini: kimoja tu, ukiwa umeshapanda kitandani, usichanganye na pombe wala dawa nyingine inayoleta usingizi, usimpe mtu. Alikuwa ameitikia kila neno.

— Jamani, Bawaba si anakunywa ile dawa ya kikohozi?

— Ile ya kahawia? Tamu ile, — Redio alisema. — Alinionjesha.

— Nayo inalevya.

— Basi kalala mara mbili. Ataamka kijana.

— Na akilala hukoroma mpaka pumzi inakatika. Mkewe alishasema.

— Cherehani, mbona unatutia kiwewe? Kaa chini unywe kahawa.

— Nimekaa.

— Mguu wako haujakaa.

Binti wa Bawaba alitokea upande wa sokoni, anakimbia. Siku zote huanza kwa shikamoo, mmoja baada ya mwingine. Leo hakuanza nayo.

— Baba yuko zahanati. Anapumua kwa shida. Tukimtikisa anafungua macho, halafu anarudi kulekule. Tumekuta hiki chini ya mto.

Akafungua kiganja. Kitambaa cha bluu, kitupu.

— Nesi anauliza ni dawa gani.



— Vilikuwa vyangu, — Cherehani alisema. — Vya usingizi.

— Hata sisi tulihisi hivyo, baba. Anataka jina.

Jina lilikuwa kwenye pakiti, na pakiti Cherehani aliitupa. Kimoja kilikuwa hakimtoshi tena. Alikuwa ameanza kumeza viwiliviwili bila kurudi kwa daktari, na hakutaka mkewe aone vinavyokwisha upesi. Alivimimina kwenye kopo la vifungo katika kibanda chake cha kushonea, hapo jirani na benchi; ndani ya kopo tayari kulikuwa na vidonge vyake vya presha. Vyote vyeupe, vyote vya duara. Jana alichota viwili huku anapiga soga.

— Baba, dawa gani?

 Cherehani alikuwa ameshaingia kibandani. Akatoka na kopo.

— Twende. Nitamwambia yote, na hiyo ya kikohozi.

Wakaondoka mbio. Vifungo na vidonge viligongana ndani ya kopo, na waliobaki wakavisikia mpaka kona ya barabara.

 Redio aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha bitana ya bluu kilichofungwa vidonge, akakiweka kwenye nafasi ya Bawaba. Kobe alikitazama, kisha naye akatoa cha kwake.