Mkono wa Dirisha la Harlan

Wewe unayekunja uso, kama huamini ziba masikio, sikuita mashahidi. Nilikuwepo, kwenye benchi la kando ya jiko la kuni, duka la mbegu la mjini kwetu Kansas, theluji nje imefika kwenye ringi za magari. Jiko lile hulishwa mabaki ya mbao kutoka gereji ya nyuma, na birika la kahawa haliondoki juu yake. Nilifuata kitu kimoja tu: mkono wa kufungulia kioo wa pikapu ya marehemu mume wangu, Harlan. Ule wa chuma ulivunjika zamani, akachonga mwingine kwa mti wa jozi, na gumba lake likauachia kibonde. Gari niliwapa wazee wa benchi hilo walirudishe, humo gerejini, kama lilivyotoka kiwandani mwaka hamsini na moja. Mkono nilitaka urudi nyumbani. Lakini nani alinipa nafasi ya kusema?

— Kaa, shemeji, akasema Verlin, mwenye duka, mdogo wa Harlan. Tunamwita Kutu. Tumepata mkono wa dirisha.

— Hamjapata, akadakia Duane, tunayemwita Askofu kwa jinsi anavyokumbatia katalogi ya vipuri. Mkono huo una chapa ya mwezi wa tano. Gari ni la mwezi wa tatu. Mtoto hamzai mama.

— Upo wa mwezi wa pili, Oklahoma. Mjane mmoja anaufungia banda la nguruwe.

— Mjane yule kaolewa.

— Basi kaenda nao. Mtaka cha mvunguni sharti aoe.

— Nasikia kuna sanduku zima la mikono chini ya bwawa. Lori lilizama nalo. Siku bwawa likikauka...

— Siku hiyo wewe utakuwa wapi, Askofu?

Wakanywa kahawa. Benchi lile lilikuwa la watu sita; wazee wamebaki wawili.

— Nataka nilisikie tena gari lile likipanda kilima, Kutu akasema. Kama kaka yumo ndani.

Pembeni alikuwa ameketi daktari mpya wa mifugo, binti wa Ohio, aliyeingia kununua chumvi ya ng'ombe akabaki kuota moto.

— Samahani, wazee. Mwenyewe aliliendesha mpaka lini?

— Mpaka wiki aliyokufa, nikamjibu.

— Sasa dirisha alikuwa analifungulia kitu gani?

Askofu akafunua katalogi. Kutu akalitazama jiko.

— Verlin, nikamwita. Ule wa mti uko wapi?

— Shemeji, haukuwa wa kiwandani.

— Sikukuuliza ulikozaliwa.

— Haukuwa hata na chapa, akasema, polepole, macho bado kwenye moto.

Birika lilikuwa linachemka. Nikaimimina kahawa yangu humo humo ilimotoka, nikavaa glovu. Mlango wa duka lile haujifungi wenyewe; ukiuachia, baridi yote inaingia. Nikatoka, nikaufunga.