Koti la Mfuko Mmoja

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Marisawa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, kifungua mimba wa karani wa posta na mkewe. Mimi ndiye kitinda mimba wao. Nimepewa kusoma haya kwa kuwa yeye mwenyewe alizoea kusema ulimi wangu hauna mfupa.

Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1967, akaajiriwa katika duka la bunduki nyuma ya stesheni. Agosti 1969, akijaribu bunduki iliyotoka matengenezoni, alitia risasi za saizi mbili katika mfuko mmoja wa koti. Ile nyembamba, aliyoipakia kwa kukosea, iliteleza ndani ya mtutu mpana ikakwama. Akadhani bunduki ni tupu, akatia nyingine nyuma yake, akafyatua. Mtutu ulipasuka ukaondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto.

Alipopona alilipeleka koti kwa binti mmoja fundi cherehani, akamwomba aushone mfuko mmoja usifunguke tena.

“Mfuko umekukosea nini?” binti akamuuliza.

Akamwonyesha mkono. Koti lilishonwa siku hiyohiyo, lakini kaka aliendelea kwenda pale kila wiki na vifungo ambavyo havikuwa vimekatika. Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1971.

Mwaka 1978 duka likawa lake. Kununua risasi kwake kulikuwa kama usaili wa kazi: “Unapiga nini, umbali gani, na nyuma yake kuna nini?” Aliyesumbuliwa na njiwa shambani alipewa marisawa madogo, zile chembe za risasi zinazotawanyika. Wa nguruwe pori alipewa risasi moja nzito. Wa kulenga shabaha za mbali alitafutiwa mtutu wenye mdomo uliobana, ili marisawa yasitawanyike mapema. Jirani mmoja alitaka kali kuliko zote, ya kulinda nyumba.

“Ukuta wako ni wa mbao, na upande wa pili wanalala wanao,” kaka alimwambia. “Kanunue komeo.”

Nakumbuka alirudi nyumbani akipiga mluzi, ingawa alikuwa amepoteza mteja.

Baadaye kisukari kilimdhoofisha macho, akawa anazitambua risasi kwa kidole gumba. Tarehe 9 Februari 2019 mkulima mmoja alimrudishia boksi. “Mzee, umenichanganyia humu.” Kaka hakubisha. Alifunga duka siku hiyo, akamkabidhi mkewe funguo, akalia. Alilipenda duka lile, jamani, na hakuna aliyemlazimisha kulifunga.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Novemba 2023, kwa maradhi ya figo. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake watatu, na wateja wengi wenye vidole kamili.

Anazikwa na koti lake. Leo asubuhi nilimkuta shemeji ameshika mkasi, anafumua ule mshono wake wa zamani. Nikamuuliza kulikoni.

“Mwache aende na mifuko yote miwili,” akasema. “Sasa hana cha kuchanganya.”

Apumzike kwa amani, Fundi wetu.