Adhuhuri Ndefu ya Notburga Gamper

Wasikilizaji wapendwa, karibuni ndani, sogeleaneni, maana habari ya leo husikilizwa kwa kubanana. Notburga Gamper ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja. Notburga, mkulima wa bondeni kwetu. Notburga wa ng'ombe tisa.

Mpaka miaka sitini na mitatu alikuwa akiutazama mlima Rotspitz kutoka mlango wa zizi, hajawahi kuupanda. Mwenye ng'ombe hukamua alfajiri, hukamua jioni. Kupanda ni mwendo wa saa saba, kushuka mwendo wa saa tano. Ukichelewa, viwele vinavimba na ng'ombe wanalia.

Kiangazi kile akasema basi. Goti lake la kushoto lilikuwa linangoja kisu cha daktari. Ni sasa au kamwe. Mumewe, Vinzenz, alikuwa amevunjika mkono.

"Nenda, mama Agnes," akamwambia. "Lakini kengele ya kanisa ya adhuhuri ikinyamaza, popote ulipo, geuka. Mkono huu haukamui hata mbuzi."

"Kwani ulipokuwa nayo miwili ulikamua nini?"

Ila aliahidi, na bonde zima likajua. Na Notburga akiahidi, ameahidi.

Saa kumi na moja alfajiri, ng'ombe wameshakamuliwa, yuko njiani na binti yake Agnes. Kufika saa tano, mgahawani kwa Zenzi hapana kiti. Zenzi ana darubini ya miguu mitatu, na mdomo wa kutangaza anachokiona.

"Wako kwenye minyororo ya kushikilia mwambani."

"Agnes anamvuta?"

"Avutwe nani? Mama ndiye anamsukuma binti."

Kule juu haikuwa mzaha. "Mama alikuwa kimya," Agnes ameniambia. "Mama kimya, ujue hali mbaya."

Saa sita kamili. Korbinian, mpiga kengele wetu, akaanza kuvuta kamba. Kwa kawaida ni dakika tatu. Kufika msalabani kileleni zilibaki hatua mia mbili, za mawe matupu. Mia mbili, kwa dakika tatu, kwa goti lile.

Zenzi akaacha darubini, akatimka mpaka mlango wa mnara.

"Korbinian, usiiachie hiyo kamba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Padri akatoka mezani, kitambaa cha chakula shingoni. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Padri. Kuna mtu anafika."

Dakika tano. Dakika saba. Kengele inalia, bonde zima limesimama, na Notburga anapanda kwa mikono na magoti, huku anacheka. Dakika ya kumi na moja akaugusa msalaba. Kwa Zenzi bilauri zilivunjika kwa shangwe. Katika kitabu cha kileleni aliandika jina lake, na chini yake: "Natelemka, ng'ombe wananingoja."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano alikuwa zizini, buti miguuni, anakamua. Mgahawa wote ukamfuata. Ng'ombe tisa, watu arobaini.

Sasa sikilizeni hili, sikulijua mpaka juzi mazikoni. Korbinian alichoka dakika ya saba. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kuvuta zilizobaki, kwa mkono mmoja mzima, alikuwa Vinzenz. Vinzenz aliyesema geuka. Akamwapisha Korbinian asiseme.

Nikamuuliza Agnes, je, mama alijua?

"Alijua palepale juu. Kengele ilianza kuchechemea. Akasema, 'Huyo ni mzee wangu,' akaongeza mwendo."

Miaka kumi na minane alimficha mumewe kwamba anajua.

Wasikilizaji wapendwa, leo mtazameni aliye karibu nanyi. Huenda zimembakia hatua chache, na kamba mnayo nyinyi.

Agnes, pole sana. Ndugu na majirani, poleni. Na wewe Vinzenz, najua saa hizi uko zizini na redio iko dirishani. Alijua, mzee wetu. Alijua siku zote.