Borghild Haugerud na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Marehemu Borghild Haugerud alizaliwa tarehe 9 Machi 1926 shambani kwa wazazi wake, Anders na Gunda Tveit, maili nne kaskazini ya Nordby, Minnesota. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Wa tano, mvulana, aliishi saa mbili tarehe 2 Februari 1931. Alizikwa Aprili, ardhi iliyoganda kwa baridi ilipolainika, bila jina. Mama Gunda hakutaka abuniwe jina baadaye. Alisema mtoto aondoke kama alivyokuja.

Borghild alimaliza sekondari ya Nordby mwaka 1944, akasomea uhazili mjini Fargo. Tangu 1946 hadi 1988 alikuwa karani wa kiwanda cha siagi cha ushirika, ambako wakulima walimwogopa kuliko mkaguzi wa maziwa.

Tarehe 11 Juni 1949 alifunga ndoa na Lyle Haugerud. Posa ya Lyle ilikuwa fupi: "Nina ng'ombe kumi na wanne, na paa langu halivuji." Borghild hakujibu siku ile. Alisubiri mvua kubwa, akaenda kulikagua paa, ndipo akakubali. Hivyo ndivyo alivyopima kila kitu: kwa jambo gumu kwanza.

Tangu 1961 alitunza orodha ya makaburi ya usharika wetu, kadi 2,311 ndani ya maboksi ya viatu. Mwaka 1984 muumini mmoja alitupatia kompyuta ndogo, na kamati ya watu watatu, Borghild akiwamo, ikapewa kazi ya kuichagulia programu ya kutunza kumbukumbu. Wenzake walijaribu kila programu kwa majina yao wenyewe, wakafurahi kujiona kwenye kioo. Borghild alikuja na kadi zenye mambo magumu.

Programu ya kwanza haikukubali watu wawili wenye jina moja, jambo ambalo kwa Nordby lingemaanisha kuwafukua akina Ole Olson kumi na wanane. Ya pili ilikuwa ya kasi, na mwenyekiti, Orville Stenhjem, aliipenda papo hapo. Borghild akaingiza kadi ya mdogo wake. Mashine ikalia, ikagoma kusonga mbele mpaka jina lijazwe.

"Jaza lolote tu, Borghild," alisema Orville. "Wafu hawasomi."

"Lolote ni jina la mtu mwingine."

"Basi andika Mtoto."

"Mama hakumwita hivyo."

"Mama yako hakumwita kitu."

"Ndiyo maana nataka pabaki wazi. Wako thelathini na wanne wasio na jina pale safu ya saba, Orville. Mmoja ni wenu."

Orville alinywa kahawa ambayo haikuwamo kikombeni.

Programu ya tatu ilikubali nafasi tupu bila kinyongo, ila ilitumia dakika kumi na moja kupanga orodha kwa alfabeti.

"Dakika kumi na moja," alisema Orville.

"Wengine wamelala pale tangu 1874. Hawana haraka."

Ilipita kwa kura tatu. Orville alikuwa wa mwisho kuinua mkono, lakini aliuinua juu.

Aprili 2008 Borghild alipatwa na kiharusi, akahamia nyumba ya wazee. Septemba mwaka huu usharika ulihamishia orodha kwenye kompyuta mpya, na Mchungaji Kirsten Moe akaenda kumpa taarifa.

"Safu ya saba je?" aliuliza Borghild.

"Pako wazi vilevile, mama."

"Hakuna aliyejifanya mwerevu?"

"Hakuna."

"Basi niletee kahawa ya kanisani. Ya hapa ni kama wamechemsha soksi."

Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2009, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Arlys na Dale, wajukuu watano, na mdogo wake, Inga. Walimtangulia mumewe Lyle, kaka zake Torvald na Nels, na mdogo wake wa mwisho, __________ . (Pameachwa wazi kwa maagizo ya marehemu. Msomaji anyamaze kidogo, kisha aendelee.)

Atalazwa safu ya nane, kando ya Lyle, mkabala na mdogo wake wa safu ya saba. Mungu ampokee, na ampe pumziko lisilo na haraka.